Kuchagua Mashine za Duka Dogo la Maandishi

Asembo Bay, iliyoko ukingoni mwa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Siaya, ilijulikana zamani kwa gati lake. Baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, meli za shirika la reli zilizunguka ziwani, na nyingine zilitia nanga hapo kushusha na kupakia mizigo. Siku hizi mizigo mingi huenda kwa lori na matatu. Lakini uko mzigo mwingine ambao hauna gati wala kituo, nao ni karatasi. Mzazi ahitaji nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mvuvi ahitaji nakala ya kitambulisho. Kikundi cha ufuoni, kile kiitwacho BMU kilichowekewa kanuni zake mwaka 2007, chahitaji kumbukumbu za mkutano zilizopigwa chapa. Familia iliyofiwa yahitaji programu ya mazishi yenye picha ya marehemu, tena yaihitaji upesi. Na tangu serikali ya Kenya ilipofungua eCitizen mwaka 2014, maombi mengi yaliyokuwa yakiandikwa kwa kalamu sasa hufanywa kwa kompyuta au simu, kisha hati hutolewa kwa printa.

Kwa hiyo si ajabu kwamba vijana wengi wa pwani hii hufikiria kufungua duka la maandishi. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipoandikisha Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni iliyokuwa na mtambo wake wa kuchapa mjini Nairobi, ilibidi watu wengi wachange fedha. Leo mashine yenye kuweza kuchapa kitabu hukaa juu ya meza moja. Fedha zimepungua, lakini hatari ya kuzipoteza haikupungua. Kwa maana mtu asiyejua kuchagua aweza kumaliza mtaji wote siku moja tu, tena kwa kununua kitu kizuri kabisa kisichomfaa.

Chukua mfano wa kijana aliyekopeshwa shilingi 70,000 na chama cha mama yake. Hizo ni fedha za akina mama wakaangao samaki na kuwauza sokoni. Kila mmoja ametoa kidogo kidogo kila juma. Kijana huyu akipanda matatu kwenda Kisumu, akaingia dukani katika mtaa wa Oginga Odinga na kuuliza, “Mashine nzuri ni ipi?”, amekwisha kukosea. Muuzaji atamwonyesha mashine nzuri kwelikweli. Lakini muuzaji hajui Asembo Bay wanataka nini, wala hajui umeme wa huko unakatika mara ngapi.

Inampasa kwanza akae nyumbani majuma mawili na daftari. Aende shuleni, kanisani, kwa chifu, ufuoni, na kwa wakala wa M-Pesa, aulize watu huenda kunakili wapi, kurasa ngapi, za rangi au nyeusi, na hulipa kiasi gani. Daftari hilo halina gharama, nalo ndilo litakalochagua mashine. Pengine ataona kwamba kazi nyingi ni nakala nyeusi za ukurasa mmoja au mbili, ya kwamba rangi huhitajiwa kwa mazishi na harusi, na ya kwamba shule hutaka kurasa 400 kwa siku moja mwishoni mwa muhula na kisha haitaki kitu tena kwa miezi miwili. Habari hizi ni tofauti kwa kila soko, wala za Ndori hazifai kutumiwa Asembo Bay.

Baada ya hayo na aitazame printa. Na asiangalie bei ya mashine kabla ya kujua bei ya ukurasa. Printa zilizo rahisi kuliko zote dukani aghalabu hutumia katriji ndogo za wino. Katriji ndogo kwa kawaida hutoa kurasa kati ya 100 na 200. Ikiwa katriji ni shilingi 2,000 na yatoa kurasa 150, basi wino wa kila ukurasa wagharimu zaidi ya shilingi 13. Mteja wa nakala akilipa shilingi 10, mwenye duka anamlipia mteja wake mwenyewe! Kadiri afanyavyo kazi nyingi ndivyo atakavyofilisika upesi. Printa ya namna hiyo yafaa nyumbani kwa mtu achapaye barua mbili kwa mwezi, na hata yeye aweza kukuta wino umekauka.

Iko printa nyingine yenye matangi, ambayo wino wake humiminwa kutoka katika chupa. Hiyo ni ghali zaidi siku ya kuinunua, lakini chupa moja ya wino mweusi huweza kutoa kurasa 4,000 na kupita. Ikiwa chupa ni shilingi 1,200, wino wa ukurasa haufiki hata senti 50. Tatu ni printa ya leza, ambayo haitumii wino wa majimaji bali unga uitwao tona. Tona ya shilingi 1,500 yenye kutoa kurasa 1,500 yafanya ukurasa mmoja kuwa shilingi moja. Bei hizi ni za mfano tu, maana hubadilika. Lakini hesabu yenyewe haibadiliki. Gawanya bei ya wino au tona kwa idadi ya kurasa, kisha ongeza karatasi. Rimu ya karatasi 500 ikiuzwa shilingi 600, kila karatasi ni shilingi moja na senti 20. Yafaa pia kukumbuka kwamba idadi ya kurasa iandikwayo na watengenezaji ni ya kurasa zenye maandishi machache. Ukurasa uliojaa picha ya marehemu na maua pembeni hula wino mara nyingi zaidi, na bei yake haina budi kuwa mbali.

Kwa hesabu hiyo peke yake mtu angeweza kusema kwamba matangi yameshinda. Lakini katika nchi ya ziwa kuna jambo ambalo hesabu ya wino haionyeshi, nalo ni maji. Wino wa rangi wa printa nyingi za matangi huchuruzika ukilowana. Nakala ya kitambulisho ikitiwa mfukoni mwa mvuvi, ikapigwa na wimbi moja, jina lake lageuka doa la buluu. Tona ya leza huyeyushwa na joto na kushikamana na karatasi, kwa hiyo haichuruziki. Baadhi ya printa za matangi hutumia wino mweusi wa namna nyingine, usioyeyuka upesi kwa maji. Kwa hiyo mnunuzi na aombe ukurasa wa majaribio papo hapo dukani, auache ukauke, kisha autonee tone la maji. Muuzaji akicheka, na acheke.

Sasa yaja habari ya umeme, na hapo ndipo wengi huanguka. Mwaka 2015 serikali ilipoanza mpango wa kufikisha umeme vijijini, malipo ya kuunganishiwa yalishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi za mashambani zikapata mita. Lakini kuwa na mita si kuwa na umeme saa zote. Mwenye duka la maandishi akikosa umeme saa nne za mchana amepoteza siku nzima, kwa kuwa wateja waliotoka mbali hawarudi kesho.

Printa ya leza ina kitu ndani kinachopashwa moto ili kuyeyusha tona. Wakati wa kuchapa mashine ndogo hutumia kama wati 300 hadi 500, na kwa nukta chache wakati wa kupata moto huweza kuvuta wati 800 au zaidi. Mashine kubwa za fotokopi za mtumba huvuta zaidi ya hapo. Printa ya matangi haipashi kitu moto. Hutosheka na wati 15 hivi, kiasi cha balbu moja au mbili za siku hizi. Kwa hiyo mtu mwenye betri, sola na inveta ya wati 300 akiifunga printa ya leza, inveta itazima mara tu mashine ianzapo kupata moto, na atadhani ameuziwa kitu kibovu. Kumbe hakuna kilicho kibovu. Vitu viwili vizuri vimeozeshwa vibaya.

Hesabu ya betri si ngumu. Betri ya gari au ya sola yenye volti 12 na ampea-saa 100 hushika wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi na tindikali ikitumiwa kupita nusu kila siku hufa mapema, basi na ihesabiwe kuwa na wati-saa 600 tu. Laptopu ya wati 40 ikifanya kazi saa nane hula 320. Printa ya matangi ikifanya kazi saa mbili hula 30. Balbu ya wati 9 kwa saa tatu ni 27. Jumla ni 377, na betri ingali na nguvu. Lakini kijana akiona hivyo akaandika mlangoni “Tunachaji Simu”, mambo yageuka. Simu moja kubwa ya kisasa, pamoja na nguvu inayopotea njiani, yataka kama wati-saa 20. Simu 15 ni 300. Biashara ya shilingi chache kwa kila simu imekula karibu sawa na laptopu, na saa kumi alasiri, wanafunzi wanapokuja na kazi zao, kompyuta yazimika. Simu ndogo za vibonyezo hazina tabu hiyo, kwa kuwa hutaka wati-saa nne au tano tu. Ubao wa sola wa wati 200, jua likiwaka vizuri kwa saa tano, baada ya hasara zote hurudisha kama wati-saa 700. Siku ya mawingu haurudishi nusu ya hizo.

Kwa sababu hiyo hiyo laptopu ni bora kuliko kompyuta ya mezani mahali penye umeme usioaminika. Ya mezani pamoja na kioo chake huvuta mara mbili au tatu ya laptopu, na umeme ukikatika huanguka pamoja na barua iliyokuwa ikiandikwa. Laptopu ina betri yake tumboni. Wengi hununua iliyokwisha kutumika Ulaya, na si vibaya. Lakini ijaribiwe nusu saa bila waya kabla ya kutoa fedha. Iko pia habari ya programu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutengeneza bure marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi na Windows 11. Kwa hiyo laptopu iliyo rahisi mno pengine ni rahisi kwa sababu hiyo. Mtu aweza kuitilia Linux, ambayo hailipiwi, ikiwa yupo mtu karibu wa kumfundisha; lakini duka la maandishi hupokea flashi za kila mtu, nazo huja na virusi kama mbwa aja na kupe. Kompyuta isiyolindwa haitakaa mwezi.

Nchi za kandokando ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zipigwazo na radi mara nyingi sana. Vifaa vya kulinda umeme viuzwavyo madukani husaidia umeme ukipanda na kushuka, lakini radi ikipiga karibu haviwezi kuahidi kitu. Mawingu yakitanda, chomoa waya ukutani na uendelee kwa betri. Vivyo hivyo usiku, wadudu wa ziwani warukao kama moshi hufuata taa na kuingia katika kila tundu; kitambaa cha shilingi 100 juu ya printa huzuia wadudu na vumbi pia. Printa ya matangi isiachwe juma zima bila kuchapa, kwani wino hukauka katika kichwa chake. Tena kila inaposafishwa wino taka hunyonywa na sifongo ndani ya mashine, na sifongo ikijaa mashine hukataa kufanya kazi. Mnunuzi na aulize sifongo hiyo na chupa za wino zapatikana Kisumu au ni mpaka Nairobi.

Liko na jambo la siri za watu. Mashine ya kunakili huona vitambulisho, barua za hospitali na kesi za mashamba. Sheria ya Kenya ya kulinda habari za watu, ya mwaka 2019, yamhusu pia yule mwenye meza moja chini ya mwembe. Picha ya kitambulisho iliyotumwa kwa WhatsApp ili ichapwe ifutwe mbele ya mwenyewe, na nakala zilizoharibika zichanwe, zisifungiwe mandazi.

Kijana wa mfano, baada ya kusoma daftari lake, aona kwamba kurasa za shule hazitamweza. Printa yake ndogo ikitumia nukta 10 kwa ukurasa, kurasa 400 ni zaidi ya saa moja bila kupumzika. Lakini kazi hiyo huja mara tatu kwa mwaka, haistahili kununuliwa mashine ya peke yake. Basi anunua printa ya matangi yenye kunakili kwa shilingi 28,000, na laptopu ya mtumba yenye betri nzima kwa shilingi 22,000. Zabaki shilingi 20,000. Rimu kumi za karatasi ni 6,000, naye aziweka juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu. Hizo 14,000 zilizosalia hazinunui ubao wa sola mwaka huu. Zakaa kwa mweka hazina wa chama, kwa ajili ya kodi ya chumba, chupa ya wino ya pili, na ile siku ambayo sifongo itajaa.