Kiwanda, Msana na Sabule: Msamiati wa Nyumba ya Makumbusho ya Lamu na Somo Lake kwa Tanga

1.0 Utangulizi

Makumbusho ya mji wa Tanga yamo katika Boma la zamani la Wajerumani, yaani jengo la utawala. Huko Tongoni, kusini ya mji, yanayoonekana leo ni magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Nyumba ambamo watu walilala, wakazaa na kupika haimo katika kumbukumbu hizo. Mfano unaofahamika zaidi wa nyumba ya ukoo ya Waswahili iliyogeuzwa makumbusho uko kaskazini zaidi, mjini Lamu. Ni nyumba ya mawe ya karne ya 18, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, katika mji ulioingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Makala haya hayakusudii kueleza usanifu wa nyumba za aina hiyo, kwani wataalamu kama Usam Ghaidan, James de Vere Allen na Linda Donley wamekwisha kuushughulikia. Swali letu ni la kiisimu: nyumba inapohamwa na wenyewe na kuwekwa itazamwe, maneno yake hubaki na nani?

2.0 Majina ya vyumba

Aingiaye nyumba ya mawe ya Lamu hupita kwanza dakani, penye mabaraza ya mawe, kisha tekani, ndipo afike kiwandani. Hapo msomaji wa Tanga, aliyezoea viwanda vya mkonge, hana budi kusita. Kiwanda cha Lamu ni ua wa ndani, usio na paa, uingizao mwanga na hewa. Tukikumbuka kwamba Kiamu husema ndia na ndaa pale Kiswahili sanifu kisemapo njia na njaa, tutaona kuwa kiwanda hiki ni mwenzake kiwanja. Kufanana kwake na kiwanda cha Kiswahili sanifu ndiko kunakompoteza msomaji.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Mbele ya kiwanda kuna msana wa tini, na nyuma yake msana wa yuu. Kwa kanuni za sauti jambo ni jepesi: tini ni chini, yuu ni juu. Lakini atakayeandika kwenye kibandiko “ukumbi wa chini” na “ukumbi wa juu” atamfanya mgeni atafute ngazi. Misana yote miwili imo katika ghorofa moja; sakafu huinuka kidogo tu kadiri mtu anavyozidi kuingia. Baada ya msana wa yuu huja ndani, kisha nyumba ya kati, ambamo wanawake walijifungua na maiti walioshwa. Kwa maoni yetu, yuu, ndani na kati si maneno ya mahali tu. Ni vipimo vya sitara vinavyofuatana, na kila kidato humwacha mgeni nyuma.

Mgeni mwenyewe aliwekwa kwenye sabule, chumba cha wageni wanaume kilichotengwa na maisha ya jamaa wa ndani. Sebule ya leo, ambamo nyumba nzima hukaa pamoja na wageni wake, imehifadhi umbo la neno na kugeuza maana yake.

Usanifishaji una sehemu yake katika hali hii. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua Kiunguja kuwa msingi, maneno ya lahaja nyingine yaliendelea kusomwa kwa miwani ya Kiunguja. Hatuulaumu uamuzi huo. Tunachodai ni kwamba kibandiko kitangulize Kiamu, zidaka kwa zidaka wala si vidaka, na maelezo ya Kiswahili sanifu yafuate chini yake.

3.0 Upande wa Tanga

Kimtang'ata kilishughulikiwa na W. H. Whiteley katika kitabu chake cha mwaka 1956, lakini msamiati wa ujenzi wa Mrima ungali unadai uchunguzi wake wenyewe. Nyumba ya huku, ya miti, udongo na makuti, haihifadhiki kama ile ya mawe. Makuti huoza, udongo hubanduka. Nyumba huishi kwa kutengenezwa tena na tena. Hivyo lugha yake haikulala katika nomino peke yake. Panda, mwamba, kombamoyo na fito yaweza kuchorwa na kupewa majina, lakini kupaua si kuezeka, na kukandika hakueleweki kwa kutazama ukuta uliokwisha kukauka. Makumbusho huhifadhi nomino kwa urahisi kwa sababu vitu hukaa mahali pake. Vitenzi huondoka na fundi.

Bati lilipochukua nafasi ya makuti katika nyumba nyingi, kuezeka kuliendelea kutumika, ila kazi yenyewe ikawa nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi atakayeingia Tongoni au Pangani na kinasa sauti asianze kwa kuuliza “hiki kinaitwaje?” Na amfuate fundi siku ya kazi, aandike vitenzi kwa mpangilio wa utendaji wake, na asisahau kuuliza majina ya makosa: ufito uliofungwa vibaya huitwaje, na kuti lililopachikwa kinyume?