Uzito wa Bibi, Mzigo wa Wawili

Katika somo hili tunazungumzia jambo ambalo wenzi wengi hulinyamazia mpaka linageuka ugomvi. Bibi amenenepa tangu harusi. Hedhi yake huja baada ya miezi miwili au mitatu. Chunusi hazimwishi, na ndevu zimeanza kuota kidevuni. Mtoto hajapatikana. Mavyaa anauliza, mawifi wananong'ona, na bwana, badala ya kumtetea mkewe, anamwambia, "Wewe unakula mno."

Maneno hayo huumiza, na mara nyingi si ya haki.

Ugonjwa wenyewe

Hali hii madaktari huiita kwa herufi nne, PCOS. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliieleza kwa kirefu. Leo inakadiriwa kwamba humpata mwanamke kama mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui.

Insulini ni homoni inayousaidia mwili kuitumia sukari ya damu. Kwa wengi wenye hali hii mwili hauitikii insulini vizuri, basi kongosho hutoa nyingi zaidi. Insulini ikizidi, huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Ndipo nywele huota pasipotakiwa na mayai hukwama kabla ya kukomaa. Insulini hiyo hiyo huufanya mwili uweke mafuta, hasa tumboni, na mafuta ya tumboni huzidisha tatizo la insulini. Kwa hiyo bibi hapungui upesi kama jirani yake, hata wakila sahani moja. Tena wako wanawake wembamba wenye ugonjwa huu. Si adhabu ya ulafi.

Kilo chache zatosha

Hapa pana habari njema. Mwanamke mnene akipunguza asilimia 5 tu ya uzito wake, mara nyingi hedhi huanza kurudi katika mpango. Kwa mwenye kilo 80, hizo ni kilo 4. Hahitaji kuwa mwembamba kama siku ya arusi, wala kujinyima chakula, wala kununua dawa za kukondesha zinazouzwa mitaani.

Jikoni

Hakuna chakula kimoja kilichothibitishwa kushinda vingine vyote katika ugonjwa huu. Kinachofaa ni kile ambacho nyumba inaweza kukishika mwaka mzima. Hapa Mombasa hatuwezi kumwambia mtu aache nazi na wali. Lakini tazameni haya:

1. Chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana visizidi kama sita kwa siku, pamoja na sukari ya soda na kaimati.
2. Mbaazi ni chakula chema. Zipikwe kwa tui jepesi, na tui zito liwe la siku ya wageni. Hamri moja badala ya manne.
3. Samaki wa kuchoma au wa mchuzi badala ya viazi karai na bajia kila jioni.
4. Penye sinia moja ni vigumu kujua umekula kiasi gani. Pakueni kwenye sahani: nusu mchicha, bamia au kachumbari, robo samaki au kunde, robo wali.

Bwana asiagize biriani huku bibi akitafuna matango. Nyumba nzima ile chakula kimoja.

Kutembea

Dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki, huusaidia mwili kuitikia insulini hata mizani isiposhuka. Bibi wengi wa Mji wa Kale huona haya kufanya mazoezi nje peke yao. Basi bwana aondoke barazani watoke wawili: alfajiri katika vichochoro kabla jua halijawaka, au jioni kutoka Fort Jesus kuelekea Mama Ngina. Wakipita penye mihogo ya kukaanga, wanywe dafu waendelee.

Hospitali

Hedhi ikikosekana zaidi ya miezi mitatu, msingoje, kwa sababu ukuta wa mji wa mimba huweza kunenepa na kuleta hatari baadaye. Bibi apimwe homoni na sukari ya damu, maana wenye hali hii hupata kisukari kwa urahisi zaidi. Zipo dawa za kurekebisha hedhi na za kukomaza mayai, na wengi hupata watoto. Kama mnatafuta mtoto, bwana naye apimwe. Asimwachie mkewe lawama yote. Wanaopanga uzazi kwa kuhesabu siku wajue kwamba hapa kalenda peke yake haiaminiki: yai laweza kukomaa wakati usiotazamiwa.

Na mavyaa ajibiwe na mwanawe, kwa heshima: "Mama, tunatibiwa sote wawili."

Mzungumze wawili

1. Ni neno gani kuhusu mwili wa bibi ambalo halitasemwa tena nyumbani mwetu?
2. Ni kitu gani kimoja tutakachobadilisha jikoni wiki hii?
3. Tutatembea siku zipi, na saa ngapi?