Chuma Usichokijua Usikiokote

Tarehe 8 Novemba 2017 bomu la kutupa kwa mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, likaua wanafunzi watano. Lilikuwa limeokotwa na mwanafunzi aliyelidhania chuma chakavu.

Viwanja vya mazoezi ya kijeshi huacha hatari kama hiyo. Bomu lisilolipuka hulala ardhini miaka mingi, na kutu haiui baruti. Jeshi hutangaza siku za kulenga shabaha. Viongozi wa vijiji hufikisha tangazo. Mfugaji huondoa mifugo yake.

Mkazi wa Bariadi akikuta kitu cha namna hiyo asikiguse. Azuie watoto, kisha apige simu polisi, namba 112, au amweleze mtendaji wa kata. Wanunuzi wa chuma chakavu, ambao mizani yao haiulizi chuma kimetoka wapi, nao wasikipokee.