Betri Iliyokufa Kila Jumatatu

Safari hii siandiki habari ya mpira wala ya matembezi. Nataka kueleza jambo ambalo wengi wenu mnalo nyumbani, nalo ni motokaa kuukuu ambayo asubuhi haitaki kuwaka. Ninyi wanafunzi wa zamani, ambao wengine wenu mna magari yenu wenyewe, huenda mtacheka kwamba nimechelewa kujifunza. Si neno. Nimesoma habari za umeme darasani miaka mingi bila kufikiri hata siku moja ya kuwa zaweza kumwokoa mtu asifukuzwe kazi.

Baba yangu mdogo akaa Kyambogo, upande wa kushukia Banda, nami hukaa kwake wakati wa likizo. Anayo pikapu ya Kijapani, ya dizeli, iliyoundwa mwaka 1994. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini magari yaliyopita miaka 15 tangu kuundwa, lakini yaliyokwisha kuingia yangali barabarani, na hiyo yetu ni mojawapo. Kazi yake ni kuchukua ndizi na mboga za wachuuzi na kuzipeleka soko la Nakawa. Hufanya kazi siku sita, na Jumapili hupumzika.

Shida yetu ilikuwa Jumatatu. Saa kumi na moja alfajiri baba mdogo hutia ufunguo, stata ikalia "tak, tak", basi. Hapo huamshwa majirani, tukasukuma mpaka jasho likatutoka, na wachuuzi wanaongoja mizigo yao wakapiga simu kwa hasira. Siku nyingine za juma gari liliwaka bila matata. Alinunua betri mpya, baada ya miezi michache ikaanza tabia ile ile. Akanunua ya pili, na fedha za hiyo ya pili zilitoka katika bahasha ya ada yangu. Fundi wa kwanza alipima injini ikinguruma, akaona volti 14, akasema, "Alteneta ni nzima, betri ndiyo mbovu." Fundi wa pili alisema ni redio. Wote wawili walilipwa.

Mwisho neno likamwangukia taniboi. Yeye ni kijana wa umri wangu, hulala chumba cha nyuma karibu na gari. Baba mdogo alisema ya kuwa kila Jumapili kijana huyo huingia garini kusikiliza redio na kuchaji simu, kisha huacha taa ikiwaka. Kijana akaapa, "Mzee, sijaacha taa hata siku moja." Nasikitika kuandika ya kuwa mimi nami nilimwunga mkono baba mdogo, kwa kuwa niliwahi kumwona kijana ameketi humo mara moja. Akaambiwa kwamba ikitokea Jumatatu nyingine kama hiyo, afunge vitu vyake.

Jumamosi iliyofuata usiku sikupata usingizi, nikachukua kalamu nikafanya hesabu ambayo ilinipasa kuifanya kabla sijafungua kinywa. Itazameni nanyi.

Betri yetu imeandikwa ubavuni 70 Ah. Maana yake, ikiwa nzima na imejaa, yaweza kutoa ampea 3.5 kwa muda wa saa 20, na 3.5 mara 20 ni 70. Gari huegeshwa Jumamosi saa nane mchana, nalo huamshwa Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa 39. Sasa taa ya ndani ya gari ni ya wati 5. Gawanya kwa volti 12, wapata ampea 0.42 hivi. Hata kama kijana angeliiacha ikiwaka saa zote 39, ingelikula ampea-saa 16 tu, yaani chini ya robo ya betri, na gari lingeliwaka. Kuchaji simu ni kidogo zaidi. Je, taa kubwa za mbele? Mbili za wati 55 hula ampea 9 pamoja, nazo zingelimaliza betri nzima kwa saa nane, lakini nani katika ua wetu asingeliziona usiku kucha?

Basi taa ya ndani ni ndogo mno, na taa za mbele zaonekana mno. Kilichokuwa kikila betri yetu kilikuwa katikati ya hizo, nacho hakikutoa mwanga. Tena kilikula polepole. Usiku mmoja wa saa kumi hakikutosha kuliangusha gari, bali mchana na usiku wa Jumapili kilitosha. Nilipofika hapo niliona aibu, maana hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili.

Kesho yake baada ya kanisa nilipanda mlimani kwa mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa asoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. (Chuo hicho kilianza kwa jina hilo mwaka 2003, vyuo vitatu vilipounganishwa, na kimoja chao kilikuwa chuo cha ufundi.) Aliniazima mita yake ya umeme, na akanionya, "Usimruhusu mtu aguse ufunguo." Laiti ningelisikia vema.

Kupima volti ni kazi rahisi, hata mtoto aweza. Lakini volti hukuambia betri ina kiasi gani tu: imejaa ikiwa karibu 12.6, na ikifika 12 imebaki kidogo sana. Hazikuambii nani anakunywa. Kumjua mnywaji yakupasa kupima ampea, na ampea hazipimwi kwa kugusa juu juu. Ni lazima umeme wenyewe upite ndani ya mita, kama vile maji ya bomba yapitavyo ndani ya mita ya maji. Kwa hiyo tulizima kila kitu, tukatoa ufunguo, tukafunga milango. Kwa spana namba 10 tukafungua waya wa hasi, ule uliofungwa kwenye bodi ya gari. Usianze na waya wa chanya, kwa maana spana yako ikigusa bodi wakati unaufungua, itapitisha umeme wote wa betri na kukuunguza, na pete ya kidoleni ni hatari vivyo hivyo. Kisha tukahamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, ncha nyekundu tukaiweka kwenye waya tulioufungua, na nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri. Sasa kila tone la umeme lililotaka kupita lilipita mbele ya macho yetu.

Taniboi ndiye aliyeshika ncha moja. Mita ikasema 0.90.

Gari zima lililozimwa, la umri ule, lisilo na kompyuta, halipaswi kula zaidi ya saa ya redio, yaani ampea 0.02 au 0.03. Hata magari ya siku hizi yenye vyombo vingi hayapaswi kupita 0.05 hivi, ila hayo yataka subira: ukiisha kuyafunga, ngoja nusu saa au zaidi mpaka kompyuta zake zilale, na ukifungua mlango zitaamka tena. Wanafunzi wa zamani wenye magari mapya mkumbuke hilo, msije mkamshtaki asiye na kosa.

Mara 0.90 mara saa 39 ni ampea-saa 35. Nusu ya betri! Na betri iliyokwisha kunyweshwa nusu kila juma huchakaa upesi, haijai tena kama mwanzo. Ndiyo sababu betri mbili nzima zilikufa mikononi mwetu. Usiku wa katikati ya juma, saa kumi mara 0.90 ni 9 tu, na injini huzirudisha mchana.

Hapo baba mdogo, kwa furaha na kwa kutaka kusaidia, akasema, "Ngoja tuone likiwashwa itasema ngapi," akatia ufunguo akauzungusha. Plagi za kupasha moto injini ya dizeli hunywa makumi ya ampea. Mita ikazima. Fyuzi yake ya ndani ilikuwa imeungua, nasi tukapoteza saa nzima kutafuta nyingine Banda siku ya Jumapili.

Tuliporudi tulianza kung'oa fyuzi za gari moja moja, huku mmoja akisoma mita. Ikishuka ghafula, mwizi yumo katika njia ya fyuzi hiyo. Taa: 0.90. Honi: 0.90. Redio: 0.88. Basi yule fundi wa pili alimsingizia redio, maana ilikula 0.02 yake ya halali. Tuling'oa zote mpaka kisanduku kikabaki mashimo matupu, na mita bado ikasema 0.88. Nakiri ya kuwa hapo nilikata tamaa. Jua lilikuwa likitua, na kijana alikuwa akinitazama kana kwamba mimi ndiye hakimu.

Tukazirudisha fyuzi zote. Yeye ndiye aliyeuliza, "Na nyaya zile nene, je? Zina fyuzi humu?" Hazina. Waya mnene wa stata na ule wa alteneta hutoka kwenye betri bila kupita katika kisanduku kile. Nikaweka mkono juu ya alteneta. Ilikuwa na uvuguvugu, na injini haikuwashwa tangu Jumamosi mchana. Nusu nyingine ya injini ilikuwa baridi kama jiwe.

Tuliondoa mita, tukafungua waya mnene wa alteneta pamoja na plagi yake ndogo, tukazifunga ncha kwa utepe wa mpira zisiguse chuma, tukarudisha mita. Ikasoma 0.02.

Asubuhi fundi mmoja mzee wa Banda aliifungua alteneta mbele yetu. Mashine hiyo huzalisha umeme unaokwenda na kurudi, na betri haiutaki wa namna hiyo, kwa hiyo ndani mna daiodi, vijilango vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Yetu ilikuwa na sita, tatu upande wa chanya na tatu upande wa hasi. Kama moja tu ingelivuja, ile ya upande wa pili ingeliuzuia umeme. Lakini moja ya kila upande ilikuwa ikivuja, hivyo njia ikawa wazi kutoka betri mpaka bodi, usiku na mchana. Zilivuja kidogo tu, ndiyo maana injini ikizunguka bado zilitoa volti 14. Fundi wa kwanza hakusema uongo, ila alipima gari likiwa macho, nayo maradhi yalikuja likiwa limelala. Sahani mpya ya daiodi ilipatikana Kisekka, kwa bei isiyofika thuluthi ya bei ya betri moja.

Jumatatu iliyofuata baba mdogo hakuketi penye usukani. Alimpa kijana ufunguo, akasimama kando akiwa na tochi, na gari likawaka mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwomba radhi tangu Jumapili ile ya kupima, naye alinijibu tu kwamba nimfundishe ile hesabu ya saa 39. Mita nimeirudisha mlimani. Mwenyewe akiifungua ataona fyuzi yake ya ndani ni mpya, na sasa atajua kwa nini.