Tatizo Si Mtoto: Tiba ya Simulizi na Namna ya Kumpata Mshauri Nasaha Anayefaa

Nyumba nyingi zina mtu aliyekwisha kubandikwa jina. Huyu kikojozi, yule mlevi, yule mwingine ana kichwa kigumu tangu azaliwe. Jina hilo hutajwa wakati wa kula, hutajwa mbele ya wageni, na mwenye nalo akilisikia miaka nenda rudi huishia kulikubali. Kijitabu hiki kinaeleza aina ya ushauri nasaha inayoanza kwa kumvua mtu jina hilo. Inaitwa tiba ya simulizi.

Ilianzishwa katika miaka ya 1980 na Michael White wa Adelaide, Australia, na David Epston wa Auckland, New Zealand. Msimamo wao ni kwamba mtu si tatizo; tatizo ndilo tatizo. White alifanya kazi na watoto waliokuwa wakijichafua kwa haja kubwa ingawa umri wa kuachishwa nepi ulikuwa umepita. Wazazi walifika wamechoka, mtoto amejaa aibu. White hakuuliza mtoto ana kasoro gani. Alilizungumzia tatizo kama mvamizi aliyejipenyeza nyumbani: huja saa ngapi, hutumia hila gani, huwagombanishaje baba na mama? Kisha akatafuta siku ambayo mvamizi huyo alijaribu akashindwa. Siku kama hiyo karibu kila mara ipo, ila hakuna aliyeitilia maanani. Mshauri akishaipata haiachi: “Ulifanyaje siku ile, mwanangu? Nani alikuona? Bibi yako akisikia, atashangaa au atasema alijua?” Kwa maswali hayo mtoto huanza kujisimulia upya, na wazazi husimama upande wake dhidi ya tatizo.

Hata hivyo, mzazi, anzia zahanati. Mtoto anayejichafua mara nyingi amefunga choo. Na mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, apimwe mkojo na sukari, na aulizwe kwa upole kama kuna mtu anayemtisha au kumchezea mwili. Mazungumzo hayatibu maambukizi, wala hayamwondoi mnyanyasaji ndani ya nyumba.

Jambo jingine hueleweka vibaya, nalo ni zito. Kulitenga tatizo na mtu si kumpa mtu kisingizio. Mume anayempiga mkewe hawezi kusema “ni hasira, si mimi”, kisha mambo yakaishia hapo. Mshauri mzuri atamuuliza hasira hiyo imeigharimu nini nyumba yake, yeye anasimama upande gani, na atafanya nini leo ili mkewe na watoto wawe salama. Mshauri anayemwambia mke avumilie tu hafai, hata awe na vyeti ukuta mzima.

Mti wa Uhai

Njia moja ya tiba hii ilizaliwa Afrika. Ncazelo Ncube, mwanasaikolojia wa Zimbabwe, akishirikiana na David Denborough wa Australia, waliitengeneza kwa ajili ya watoto walioguswa na UKIMWI, wengi wao wakiwa yatima. Kumtaka mtoto aliyefiwa aeleze msiba wake moja kwa moja kunaweza kumuumiza upya. Kwa hiyo huanza kwa kuchora mti. Kwenye mizizi huandika alikotoka na waliomlea. Kwenye ardhi, maisha yake ya kila siku. Kwenye shina, anayoyaweza. Kwenye matawi, matumaini yake. Majani ni watu anaowapenda, na waliokufa wamo pia. Matunda ni mema aliyotendewa. Michoro ya wote hubandikwa pamoja ikawa msitu, na hapo ndipo huzungumzwa dhoruba zinazoipiga miti na jinsi inavyoshikilia ardhi.

Mpangilio huo una hekima. Mtoto hupewa kwanza mahali salama pa kusimama, ndipo aitazame huzuni yake. Familia inaweza kuchora miti hii nyumbani ili kufahamiana. Lakini mwenye jeraha zito la moyo asichimbuliwe na mjomba au shangazi, hata kwa nia njema. Apelekwe kwa aliyefunzwa.

Kumtafuta mshauri

Nchini Kenya kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo una haki ya kumuuliza mshauri amesajiliwa wapi. Tanzania, anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa na uulize huduma za afya ya akili, au umwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Shehe, padri na mchungaji ni msaada mkubwa, na wengine wamesomea unasihi. Waulizwe kama wamesomea.

Wachache watakuambia wanatumia tiba ya simulizi, hivyo usitafute jina, tazama utendaji. Muulize: Umesomea wapi, na nani anasimamia kazi yako? Tutakayozungumza yatabaki hapa, na ni katika hali gani utalazimika kumwambia mtu mwingine? Bei gani? Unazungumza lugha ninayolilia? Hilo la mwisho lisidharauliwe, kwani mtu hulia kwa lugha yake.

Mkikaa naye, pima nani anazungumza zaidi. Akikatiza kila sentensi kwa mawaidha, akikuambia wewe ni nani kabla hujamaliza kusimulia, akiahidi kukuponya kwa vikao viwili, akikushikashika au akitaja siri za wateja wengine, ondoka. Kumwacha mshauri asiyekufaa si utovu wa adabu. Jaribu mwingine.

Baadhi ya hali hazisubiri miadi: mtu anayesikia sauti wasizosikia wengine, mama aliyejifungua anayeogopa kumdhuru mtoto wake, mtu anayesema amechoka kuishi. Wapeleke hospitali leo hii. Mtoto aliye hatarini hupata msaada kwa namba 116, bila malipo, Kenya na Tanzania. Anayezungumzia kufa usimwache peke yake hata kidogo: ondoa dawa, kamba na sumu ya panya, kaa naye, na uende naye hadi mbele ya daktari.