Tufani Kuu ya Baharini na Hatari Zake

Mwezi huu twataka kujifunza habari za tufani kuu, ambayo wengi huiita kimbunga. Tusidhani ya kuwa ni habari ya nchi za mbali tu. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ya namna hii iliipiga Unguja. Vyombo vilivyotia nanga bandarini vikavunjika, hata meli za Sultani Barghash, na mikarafuu mingi mno ikang'olewa. Pemba haikupata hasara kama ile. Kwa hiyo baadaye karafuu za Pemba zikazidi za Unguja. Lindi nayo ilipigwa katika Aprili 1952.

Asili yake

Tufani huzaliwa juu ya bahari yenye joto, yapata digrii 26 za sentigredi na zaidi. Mvuke wa maji hupanda juu, hugeuka kuwa mawingu na mvua, na katika kugeuka hutoa joto. Joto hilo ndilo chakula cha tufani. Hewa ya kando hukimbilia mahali pa ile iliyopanda, na kwa kuwa dunia yazunguka, hewa ile nayo huzunguka. Kusini ya ikweta huzunguka kama mishale ya saa iendavyo. Kaskazini huzunguka kinyume. Karibu sana na ikweta nguvu hii ya kuzungusha ni haba, wala tufani haziwezi kuzaliwa pale. Upepo ukifikia mwendo wa kilometa 119 kwa saa, Wamarekani huiita harikeni, na watu wa China na Japani huiita taifuni. Majina ni mbalimbali, bali jambo ni moja.

Hatari zake

Kwanza ni upepo wenyewe, uezuao mapaa na kuangusha miti.

Pili ni bahari. Upepo huyasukuma maji hata yakapanda juu ya nchi kavu. Tarehe 12 Novemba 1970 maji ya namna hii yaliingia katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, na watu wasiopungua 300,000 walikufa kwa tufani ile.

Tatu ni mvua. Tufani ikifika nchi kavu hukosa chakula chake, ikadhoofika, lakini mvua yake huenda mbali. Katika Machi 2019 tufani iitwayo Idai iliupiga mji wa Beira katika Msumbiji. Mito ikafurika, na watu wakafa hata Zimbabwe na Malawi. Baada ya maji kukaja kipindupindu.

Nne ni jicho la tufani. Katikati yake pana mahali patulivu. Upepo hukoma ghafula, pengine hata jua huonekana. Mtu asiyejua hutoka nyumbani akidhani imekwisha. Kumbe upepo warudi kwa nguvu kutoka upande wa pili, nao humkuta nje.

Neno kwa Wakristo

Wako wasemao ya kuwa mwenye imani hana haja ya kukimbia. Hawa na wakumbuke safari ya Mtume Paulo. Alionya huko Krete ya kuwa safari ina hatari, bali yule akida aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Mungu aliwaokoa watu wote 276, lakini merikebu na shehena vilipotea. Basi kusikia onyo si upungufu wa imani.

Wako tena wasemao ya kuwa waliokufa walikuwa na dhambi kupita wengine. Bwana wetu alilikataa neno hili alipotaja walioangukiwa na mnara wa Siloamu.

Watu wa Bangladesh walijenga nyumba imara za kukimbilia, wakaweka watu wa kupeleka maonyo vijijini. Tufani kali ilipokuja tena Novemba 2007, waliokufa walikuwa maelfu machache, wala si mamia ya maelfu. Basi, katekista, usikiapo onyo la hali ya hewa, litangaze usharikani upesi. Wazee, wagonjwa na watoto watangulizwe kupelekwa mahali pa juu, na maji ya kunywa yachemshwe.

Maswali

1. Chakula cha tufani ni nini?
2. Kwa nini utulivu wa jicho ni hatari?
3. Katika usharika wetu, ni nani asiyeweza kukimbia peke yake, na ni nani atakayemchukua?