Mkopo wa Serikali Usiuogope, Hesabu Chakula na Chumba

Wadogo zangu wa Jinja na Mbale, barua za mwezi huu karibu zote zinauliza juu ya karo ya chuo. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, vyuo vinatafutwa, na nyumba nyingi zilizopiga vigelegele jana leo zimenyamaza kwa sababu mtu ameuliza pesa zitatoka wapi. Nimechagua barua mbili. Zisomeni pamoja, maana ya pili inamaliza swali la ya kwanza.

Ya kwanza ni ya msichana wa Walukuba, Jinja. Anataka kusomea kozi ya sayansi Makerere, lakini udhamini wa serikali hakuupata. Mama yake anauza dagaa wa mukene Masese na ana watoto wengine watatu shuleni. Mwalimu amemshauri aombe mkopo wa wanafunzi. Mjomba naye amemkataza kabisa: atazeeka na deni, na serikali itakuja kuchukua shamba la babu. Anauliza amsikilize nani.

Msikilize mwalimu, mdogo wangu. Mjomba anakupenda, lakini anachanganya mkopo huu na mkopo wa mtaani. Mkopo wa wanafunzi hapa Uganda ulianzishwa kwa sheria ya 2014, na mwaka huohuo wa masomo wanafunzi 1,201 wa kwanza wakaupata. Unalipia karo, zile ada nyingine za lazima za chuo, na utafiti wako wa mwisho. Mwanafunzi mwenye ulemavu hupewa pia vifaa anavyohitaji. Pesa zinakwenda moja kwa moja chuoni, wewe huzishiki. Unahitaji mdhamini, lakini hati ya shamba haiwekwi rehani. Unaposoma hulipi kitu, na ukimaliza unapewa mwaka mmoja kabla ya malipo kuanza. Riba ipo, kwa hiyo kabla ya kusaini omba uonyeshwe jumla yote utakayodaiwa, karo pamoja na nyongeza zake. Hata hivyo, hakuna mtu sokoni Jinja atakayekukopesha karo ya miaka mitatu au minne halafu akungoje mpaka uhitimu na utafute kazi.

Hofu ya mjomba ina historia yake, na usimcheke. Wakubwa wake walisoma Makerere bila kulipa, na juu ya hayo wakapewa pesa za matumizi mfukoni, zile walizoziita "boom". Serikali ilipoanza kukata posho hizo wanafunzi waligoma, na Desemba 1990 polisi waliwapiga risasi wawili wakafa. Mwaka 1992 Makerere ikafungua mlango kwa wanaojilipia, na tangu hapo mzigo umekuwa wa wazazi. Leo serikali hudhamini wanafunzi wapya wapatao 4,000 tu kwa mwaka katika vyuo vikuu vya umma, nchi nzima. Mtoto mwenye alama nzuri kutoka Walukuba anaweza kukosa nafasi hizo, wala si mjinga. Na kabla hujakata tamaa, muulize mwalimu kuhusu nafasi za wilaya, zile zinazogawiwa kila wilaya ipate watoto wake. Kila mwaka kuna wanaostahili kuziomba ambao hawakujua kwamba zipo.

Sasa sikiliza jambo ambalo linawaangusha wengi kuliko umaskini wenyewe: majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, cha kidato cha sita kimeongeza jina la ukoo, kitambulisho cha taifa kimekosea herufi moja. Maombi ya mkopo yanataka namba ya kitambulisho, na majina yasipolingana unarudishwa. Kusahihisha kunachukua wiki, pengine miezi: kiapo cha mwanasheria, safari ya ofisi ya vitambulisho, kungoja. Dirisha la maombi likifungwa halikungoji. Kwa hiyo leo jioni toa vyeti vyote uvipange mezani, usome herufi kwa herufi. Kagua na vya mama, maana fomu itauliza kuhusu wazazi pia. Baba kama amefariki, tafuta cheti cha kifo sasa. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) akuandikie barua ya utambulisho wakati bado yuko nyumbani na muhuri uko kabatini.

Na ujaze fomu kwa ukweli. Wapo wanaoona aibu kuandika kwamba nyumba ni ya udongo au kwamba mama ni mchuuzi, wanaandika "mfanyabiashara" na kumpa kipato asichokuwa nacho. Mkopo huu unapewa wahitaji. Aibu hiyo itampa nafasi yako mtu mwingine. Anayeandika uongo wa upande wa pili, wa kujifanya maskini, anamnyang'anya mtoto wa jirani, na hilo silivumilii.

Barua ya pili imetoka Namatala, Mbale. Kijana yuko mwaka wa pili, ana mkopo wa serikali, na bado anasema deni linamuua. Nilipofika katikati ya barua nikaelewa. Mkopo unalipa chuo, haulipi tumbo wala kitanda. Muhula uliopita alikosa kodi ya chumba, akakopa shilingi 500,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, akaacha kitambulisho na kadi ya benki. Kila mwezi analipa 100,000. Amelipa miezi mitano. Jumla ametoa 500,000, na bado anadaiwa 500,000 zilezile.

Mdogo wangu, nimeisoma barua yako mara nyingi na inaniuma. Kwanza, ujue haki yako. Sheria ya wakopeshaji ya 2016 inamkataza mkopeshaji kushika kitambulisho chako au kadi ya benki kama dhamana. Mwaka 2024 serikali ikatangaza kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa aina hiyo: asilimia 2.8 kwa mwezi. Asilimia 20 ni wizi wa mchana. Mamlaka inayowasimamia inaitwa UMRA; peleka malalamiko ukiwa na karatasi zote, na usiende peke yako. Nenda na mzazi au mtu mzima anayeheshimika. Pili, usikope kwingine ili ulipe hapa. Waambie nyumbani. Najua unaogopa uso wa baba, lakini familia ikijua deni lote inaweza kulimaliza mara moja, nawe ukiendelea kuficha utalipa riba mpaka uhitimu.

Wengine mnaotaka kuanza, fanyeni hesabu ambayo kijana huyu hakufundishwa kuifanya. Tuseme chakula ni shilingi 6,000 kwa siku na chumba ni 150,000 kwa mwezi. Kwa muhula wa miezi minne chakula kinafika 720,000 na chumba 600,000, jumla 1,320,000. Kwa mihula miwili ni 2,640,000. Kozi ya miaka mitatu itakula karibu milioni nane, na hapo sijahesabu nauli, sabuni, karatasi za kuchapisha, wala miezi ya mafunzo ya kazini ambako mara nyingi hulipwi hata chai. Hizo milioni nane ndizo mtakazozitafuta nyumbani, hata mkipata mkopo.

Ndiyo maana ninawasihi mtazame vyuo vya karibu kabla ya kukimbilia Kampala. Anayetaka udaktari au uuguzi akiwa Mbale ana kitivo cha afya cha Busitema palepale mjini, na wanafunzi wake wanajifunzia hospitali kuu ya rufaa ya Mbale. Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo Mbale tangu 1988. Makerere ina kampasi Jinja, na MUBS, chuo cha biashara cha Makerere, ina kampasi Jinja na Mbale. Ukilala kwenu Namakwekwe au Bugembe, ukala posho na maharage ya mama, umefuta sehemu kubwa ya zile milioni nane. Kuna ugumu, sitauficha: nyingi za kozi za karibu ni za biashara na ualimu, na mkopo wa serikali umeelemea sayansi. Kwa hiyo weka kozi na mahali kwenye karatasi moja, ulinganishe. Msichana wangu wa Walukuba, kama kozi yako iko Makerere Kampala peke yake, nenda. Lakini tafuta ndugu wa kukaa naye au wenzako wa kupanga nao chumba kabla ya muhula kufunguliwa.

Diploma nayo msiidharau. Chuo cha ufundi cha Elgon pale Mbale, na chuo cha uuguzi na ukunga cha Jinja, vinatoa watu wanaopata kazi, na baadaye unaweza kupanda mpaka shahada huku ukijilipia kwa mshahara wako. Serikali hudhamini baadhi ya wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na mkopo unafika kwenye diploma pia. Mtu mwenye stadi ya umeme na asiyedaiwa ana heshima kamili, hata majirani waseme nini.

Wazazi, na ninyi niwaguse kidogo. Mzee wa Busoga, usiuze shamba kwa ajili ya karo ya mwaka wa kwanza. Ukiliuza, mwaka wa pili utalipa na nini? Kulikodisha lote kwa wenye miwa ni karibu sawa na kuliuza: muwa unakaa shambani mwaka na nusu hivi, na watoto waliobaki wanakosa mahali pa kulima mihogo. Mzee wa Bugisu, unajua miaka ya imbalu, tohara ya vijana wetu, inakuja kila baada ya miwili. Panga mapema ng'ombe yupi ni wa sherehe na yupi ni wa chuo. Akina mama, duru yenu ya nigiina, ule mchango wa zamu, iombeni iangukie kwenu mwezi wa kufungua chuo. Na mkikwama karo, mpelekeni mtoto kwa mhasibu wa chuo na kwa mlezi wa wanafunzi wiki kadhaa kabla ya mtihani, mwombe kulipa kidogokidogo na mpewe makubaliano kwa maandishi. Anayekuja asubuhi ya mtihani anakuta mlango umefungwa.

Jambo moja ni la serikali, na nitalisema bila kuzunguka. Tanzania, mkopo wa wanafunzi unatoa pesa za chakula na malazi. Wanafunzi wa kule bado wanaziita "boom", jina lilelile la Makerere ya zamani. Kenya nayo inatoa za kujikimu. Kukopa kwa jirani zetu kuna maumivu yake: Tanzania ilipandisha makato mpaka asilimia 15 ya mshahara mwaka 2016, wafanyakazi wakalia kwa miaka, na 2021 Rais Samia akaifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Lakini mwanafunzi wa Dodoma hapelekwi kwa mkopeshaji wa mtaani na njaa kwa urahisi kama wa Mbale. Wabunge wa Busoga na Bugisu, mkopo wetu uongezewe chakula na chumba. Mkisema bajeti haitoshi, anzeni na wanaosoma mbali na kwao.

Nanyi mliokopeshwa tangu 2014, mkahitimu, mkaajiriwa, lipeni. Mfuko wa mkopo umewekwa ili pesa zenu zimsomeshe anayefuata. Kama huna kazi bado, nenda ueleze hali yako badala ya kubadilisha namba ya simu.

Msichana wa Walukuba, panga vyeti vyako leo, kisha nenda kwa mwenyekiti wa LC1. Kijana wa Namatala, ongea na baba yako Jumapili hii, halafu niandikie amesema nini.